Dawa Kwenye Birika

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Kawthar alivaa mabuti yake ya mpira, akafunga mtandio nyuma ya shingo ili usimwangukie majini, akachukua chujio kubwa la wali na kutoka kwa mlango wa nyuma kwenda kuvuna. Chujio hilo lilikuwa la jikoni zamani, kabla halijapasuka ukingoni. Alichokuwa akivuna hakikuwa tende wala ndimu. Kilikuwa mmea mdogo sana unaoelea juu ya maji, unaoitwa azola, wenye majani madogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga.

Kawthar alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Yeye na wazazi wake waliishi Mawaleh, mtaa wa Maskati nchini Oman, katika nyumba moja na kaka wa baba yake, Ami Marhoon. Nyuma ya nyumba palikuwa na shamba dogo lililobanwa na majumba makubwa pande zote. Ndani yake mlikuwa na mitende kumi na mmoja, kisima, bwawa la azola na zizi la jamusi watatu. Jamusi ni nyati wa kufugwa, na katika Maskati yote watu wanaofuga jamusi ni wachache, kwa hiyo watoto wa jirani walikuwa wakichungulia ukutani kuwatazama. Wawili walikuwa mitamba, bado hawajazaa. Aliyekuwa akikamwa ni mmoja tu, Zumurud, mweusi, mpole, mwenye pembe zilizojikunja kama masikio ya kikapu.

Mwaka uliopita Ami Marhoon alikaribia kuwauza wote. Majani ya kununua yalikuwa yamepanda bei mno, na pensheni yake ya ualimu haikuwa ya kulisha nyati. Ndipo aliposoma habari za azola. Alichimba bwawa la kina cha goti, akalitandika turubai, akalifunika kwa wavu wa kivuli, akatia maji na samadi kidogo, kisha gao moja la azola, kiasi cha kujaa kiganja. Baada ya wiki chache bwawa zima lilikuwa kijani. Sasa kila siku ndoo moja ya azola ilichanganywa na majani makavu, na Zumurud alitoa maziwa mazuri bila kumtia Ami wasiwasi.

"Lakini azola inaoshwa kwa maji matatu," Ami aliwaambia Kawthar na binti yake Aseel siku ya kwanza. "Maji ya kwanza yanatoa samadi, ya pili yanatoa harufu, ya tatu ni ya kumheshimu mnyama. Na jamusi hapewi kitu kilichotoka bwawani bila kuoshwa."

Bwawa hilo lilikuwa na jina lake pale nyumbani. Kwa Kiarabu, bwawa ni *birka*. Kawthar na Aseel walizungumza Kiswahili na Kiarabu kwa pumzi moja, na wakilitaja walisema birika. Nenda kwenye birika. Birika limejaa. Hakuna aliyewasahihisha, na wao hawakuona kosa lolote.

Mwezi huo wa Novemba mvua ilinyesha siku mbili, na mbu wakazidi mtaani. Jirani yao, Bi Jawaher, ambaye Ami alimpa beseni la azola kwa ajili ya kuku wake, alikuja kulalamika kwamba mbu wanatoka shambani. Ami alimwonyesha jinsi azola ilivyoziba maji mpaka mbu hana pa kutaga. Hata hivyo alinunua chupa ya dawa ya mbu kwa ajili ya mitaro ya nje, akaiweka rafu ya juu kabisa katika stoo.

"Chupa hii haishikwi na mtoto," alisema. "Si kwa kucheza wala kwa kusaidia."

Wiki ile wazazi wa Kawthar walikwenda umra pamoja na mama yake Aseel. Bibi Nasriya, mama mzazi wa Ami Marhoon, aliletwa kutoka Bawshar alikokuwa akiishi kwa binti yake mkubwa, ili akae na wasichana. Bibi alizaliwa Wete, Pemba, na ingawa alikuwa ameishi Oman miaka zaidi ya hamsini, Kiswahili chake kilibaki kilekile alichotoka nacho. Alikuja na sanduku, msala na kikohozi.

Siku ya Ijumaa Ami alikwenda mazikoni Sidab. Alasiri ilipokwisha, Kawthar alikuwa amekwishavaa mabuti aliposikia akiitwa.

"Kawthar."

"Labeka, Bibi."

Bibi alikuwa amekaa barazani na tasbihi yake. Alipiga mbu mkononi, akamkosa. "Mbu wa huku hawana adabu," alisema, kisha akakohoa kwa muda mrefu. "Ukishamaliza kazi yako huko nje, tia dawa kwenye birika."

Kawthar alisimama. "Dawa ya kwenye chupa, Bibi?"

"Ndiyo, ya chupa. Vifuniko viwili vinatosha. Ukiona maji mengi, ongeza."

"Lakini Ami kasema tusiishike."

"Ami yako nimemzaa mimi," alisema Bibi, akicheka katikati ya kikohozi. "Hapendi dawa zangu, namjua. Wewe tia tu, mwanangu. Mimi nna usingizi, nataka nijinyooshe kidogo."

Kawthar alisita. Jambo fulani halikukaa sawa, lakini hakulijua ni lipi. Angeweza kuuliza swali moja zaidi. Aliona haya kumbishia Bibi, na katika nyumba ile neno la Bibi lilikuwa juu ya neno la kila mtu. Alitoka nje bila kuuliza.

Kwanza alivuna azola nusu ndoo, akaiosha kwa maji matatu, akaiweka karibu na hori. Kisha akaburuta ngazi katika stoo, akaishusha chupa. Hakuwa amewahi kuvunja amri ya Ami. Alisimama pembeni mwa bwawa akamimina kifuniko cha kwanza, halafu cha pili. Harufu kali ilimpanda puani. Alilitazama bwawa, akaona maji ni mengi sana, akaongeza vitatu. Dawa yote iliangukia pale pale alipokuwa amesimama, juu ya azola. Aliirudisha chupa mahali pake, akaenda kunawa mikono mara mbili, halafu mara ya tatu.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Bibi alipoamka. Kawthar alikuwa sebuleni akifanya kazi ya shule.

"Birika langu liko wapi?" Bibi aliuliza.

"Liko nje, Bibi."

"Nje? Limekwenda kutembea?" Bibi aliingia jikoni mwenyewe. Alirudi ameshika birika la bati alilokuja nalo kutoka Bawshar, na mkono wa pili chupa ndogo ya unga wa tangawizi na pilipili manga. "Tazama, limekauka kama nilivyoliacha. Si nilikwambia unitilie dawa kwenye birika, nipate kunywa ya kifua?"

Kawthar alilitazama lile birika la bati. Yeye na Aseel walichemsha maji ya chai kwenye chombo cha umeme walichokiita ketli. Hakujua kwamba kwa Bibi birika lilikuwa hilo, lenye mdomo na mpini, na kwamba bwawa la nje Bibi alikuwa akiliita hodhi siku zote tangu afike.

"Nitakuchemshia sasa hivi," alisema, lakini hakuenda jikoni. Alikimbilia zizini.

Njiani alijipa moyo. Azola ya leo aliivuna kabla ya kutia dawa, na aliiosha. Zumurud amekula safi. Kesho alfajiri ataamka mapema, ataichota ile ya pembeni na kuitupa, na hakuna atakayejua. Alikuwa amekwisha kuupanga mpango wote alipomkuta Aseel anafagia mbele ya hori. Aseel alimpita mwaka mmoja, na alipenda kufanya kazi haraka ili aimalize.

"Umevuna ndoo nusu leo, mvivu wewe," Aseel alimtania. "Nimekuongezea. Amekula yote, hajabakisha."

"Umeongezea wapi?"

"Birikani, wapi tena? Pale pembeni penye azola nyingi."

"Uliosha?"

Aseel alicheka kidogo. "Maji matatu yote hayo? Nilikuwa na haraka."

Kawthar alikaa chini juu ya majani makavu. Alimweleza Aseel kila kitu kwa sauti ya chini: dawa, vifuniko vitano, birika la bati. Aseel aliacha ufagio. Wote wawili walimtazama Zumurud. Alikuwa anacheua polepole, na uzi wa mate ulikuwa unaning'inia mdomoni mwake. Jamusi hudondosha mate siku zote, lakini jioni ile Kawthar aliona kila tone.

"Atakufa?" aliuliza.

"Sijui." Aseel alitazama mlangoni. "Sikiliza. Tusiseme. Akipona, hakuna neno. Akiumwa, wanyama huumwa. Baba akijua umeshika ile chupa, na akijua mimi sikuosha, hatatuamini tena. Na wallahi atawauza wote."

Kawthar alitaka kumkatalia. Lakini aliogopa macho ya Ami kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote, na hofu hiyo ilimfundisha kutikisa kichwa kukubali.

Gari la Ami liliingia muda mfupi baadaye. Alibadilisha kanzu yake nyeupe, akavaa nguo za kazi, akamkama Zumurud huku akiwasimulia habari za mazikoni. Wasichana walisimama mlangoni bila kusikia hata neno moja. Maziwa yalilia ndani ya kopo kama kila siku. Ami alisema tu, "Leo ananihangaisha huyu, anapigapiga mguu," kisha akaendelea.

Waliposali magharibi, Kawthar alipoteza hesabu ya rakaa. Alianza upya, akapoteza tena. Alipofumba macho aliona mate ya Zumurud, na alipofumbua aliona mgongo wa Bibi ukiinama mbele yake, mdogo, ukitikisika kwa kikohozi. Dakika zilikuwa zinakwenda. Alijua kwamba kila dakika ilikuwa mali ya Zumurud na kwamba yeye ndiye anayeipoteza, lakini hakusema.

Baada ya sala walikaa kwenye mkeka. Ami aliweka mkate na asali. Aseel alileta maziwa yaliyochemshwa kwa iliki, akammiminia Bibi kikombe cha kwanza, kama ilivyo desturi. Bibi alikishika kwa mikono miwili. Akakipuliza. Akakisogeza mdomoni.

"Bibi, usinywe."

Sauti ilitoka ndogo sana, hata Kawthar mwenyewe hakuwa na hakika kama amesema. Bibi alisimamisha kikombe.

"Kuna nini?"

"Maziwa yana sumu. Zumurud amekula dawa ya mbu. Niliitia mimi kwenye birika, yaani bwawani. Nilidhani ndiko ulikosema." Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini maneno sasa hayakukwama tena.

"Na mimi ndiye niliyemlisha," alisema Aseel. "Bila kuosha."

Ami Marhoon hakupaza sauti. Alichukua kikombe mkononi mwa mama yake, akakiweka mbali, akauliza mambo matatu tu. Lini? Kiasi gani? Alikula kiasi gani cha ile isiyooshwa? Kawthar na Aseel walijibu kila swali kwa ukweli, na Ami hakuwauliza mara mbili.

"Kawthar, leta ile chupa. Ishike kwa mfuko. Aseel, ondoa majani yote horini na uwatenge wale mitamba." Alikuwa amekwisha kupiga simu. "Daktari Mastura? Marhoon hapa. Jamusi wangu amekula sumu ya wadudu. Ndiyo, najua ni ipi, na najua kiasi. Nakusomea."

Daktari Mastura, mganga wa mifugo, alikuwa akiishi si mbali. Alipofika, Zumurud alikuwa amebadilika. Mate yalimtoka kwa nyuzi ndefu hadi sakafuni, na ngozi ya bega lake ilikuwa inatetemeka yenyewe, kama maji yanapopigwa na upepo. Daktari alimmulika macho, akasikiliza kifua, akasoma tena maandishi ya chupa. Alimchoma sindano moja shingoni na nyingine chini ya ngozi.

"Sasa tunangoja," alisema. "Dawa niliyompa inafaa kwa sumu ya aina hii. Lakini sitawadanganya. Muda ndio utakaosema."

Kungoja kulikuwa kubaya kuliko yote. Kawthar alisimama karibu na kichwa cha Zumurud asithubutu kumgusa. Jicho kubwa jeusi lilikuwa likimtazama, na alijiuliza kama mnyama hujua nani amemdhuru. Bibi alikuwa ameletewa kiti akakaa mlangoni mwa zizi, anavuta tasbihi na kukohoa. Kila kikohozi kilimkumbusha Kawthar kazi aliyotumwa tangu alasiri.

Aliingia ndani. Alitia maji kwenye birika la bati, vifuniko viwili vya unga wa chupa ndogo, akaliweka jikoni mpaka likachemka. Alirudi na kikombe.

"Dawa yako, Bibi."

Bibi alikunywa kidogo, akafumba macho. "Kali vizuri," alisema. Akamshika Kawthar mkono, akambakisha pale kando ya kiti.

Adhana ya isha ilipokuwa inamalizika, bega la Zumurud lilitulia. Daktari alimpelekea ndoo ya maji safi. Jamusi aliinusa kwa muda mrefu, kisha akatia mdomo akanywa mpaka nusu. Mate yalikuwa yamepungua.

"Ataishi, inshallah," alisema Daktari Mastura. "Nitarudi asubuhi. Maziwa yamwagwe mpaka nitakaposema. Azola yote ya bwawa itolewe ifukiwe, maji yasifunguliwe kwenda kwenye mtaro." Alipokuwa akifunga mkoba wake alimgeukia Ami. "Mlifanya vizuri kunieleza jina na kiasi. Ningekuja bila kujua, ningepoteza muda nikitafuta. Na mngeniita kesho, ningekuja kutazama mzoga."

Kawthar alisikia neno hilo la mwisho, na usiku ule alilala nalo.

Asubuhi Ami aliwakabidhi wasichana glavu na makoleo. Walifanya kazi watatu, wakiitoa azola yote na kuifukia katika shimo mbali na kisima. Kazi ile ilimuuma Kawthar, kwa kuwa ilikuwa mali ya mwaka mzima. Alingoja Ami aseme. Walipokaa kupumzika, alishindwa kungoja zaidi.

"Utaniuza, Ami?" Kawthar alikosea kwa hofu. "Yaani, utawauza?"

Ami alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana. "Wewe hununuliki, nani atamtaka mtu asiyeuliza?" Kisha akawa na uso wa kazi. "Nisikilizeni. Neno birika lilikuwa na maana mbili katika nyumba hii, na sisi wakubwa hatukuliona. Hilo ni kosa letu sote. Chupa nilipaswa kuifungia kwa kufuli, hilo ni langu. Lakini Kawthar, ulisita, na ukasita kwa haki. Mtu akisita anauliza. Na Aseel, maji matatu hayakuwekwa kwa ajili ya kuchosha watu."

Wote wawili waliinamisha vichwa.

"Sasa la mwisho, na hili ndilo kubwa. Kosa la neno halikukaribia kumuua Zumurud. Zilizokaribia kumuua ni zile dakika mlizokaa kimya kuanzia mlipojua hadi kikombe kilipofika mdomoni mwa mama yangu. Sumu ilikuwa inafanya kazi wakati huo wote, haikungoja mpate ujasiri. Mkiogopa, semeni mkiwa mnaogopa hivyo hivyo. Mimi nitakasirika, kisha nitapoa. Mzoga haupoi ukaamka."

"Nisamehe, Ami," alisema Kawthar.

"Nilikwisha kukusamehe uliposema usinywe."

Ami aliliosha bwawa kwa siku kadhaa na kutandika turubai jipya. Bi Jawaher aliposikia yaliyotokea, alikuja na bakuli la azola kutoka kwenye lile beseni la kuku wake. Ilikuwa gao moja tu, kama mwanzo. Zumurud alirudi kukamwa siku daktari aliporuhusu, na Bibi akapata tena kikombe chake cha kwanza cha jioni.

Wiki ya mwisho ya Bibi pale Mawaleh, Kawthar alikuwa akivaa mabuti yake baada ya alasiri aliposikia sauti barazani.

"Kawthar, mwanangu, hebu nijazie birika."

Alilivua buti alilokwishalivaa, akarudi hadi mbele ya Bibi, akasimama.

"Birika lipi, Bibi?"

Bibi Nasriya alimtazama mjukuu wake, kisha akalinyanyua lile la bati na kumpa.

"Hili," alisema. "Na ukae ukiniuliza hivyo hivyo."